Ndoo uliyodhani imejaa: ubongo unavyogeuza unachoona na unachogusa kuwa mwendo

Hili nadhani limeshamtokea kila mtu aliyekulia kwenye nyumba ya maji ya kuchota. Unaingia bafuni asubuhi, ndoo ya lita 20 iko pale pale ulipoiacha jana usiku imejaa, mfuniko juu, unainama, unashika mshikio unanyanyua kwa nguvu, kumbe kuna mtu kashaoga mapema, ndoo tupu, inaruka mpaka kifuani na wewe unapepesuka unashika ukuta. Nusu sekunde tu umeshajirekebisha. Ukiinyanyua mara ya pili hairuki tena.

Sasa jiulize ile nguvu ya ziada ilitoka wapi. Kwenye ndoo haikutoka, maana mkono ulikuwa bado haujaonja uzito wowote. Ilitoka kichwani, kwenye hesabu iliyopigwa kabla, yaani ubongo uliiona ndoo, ukakumbuka jana, ukakadiria kilo 20 na ukaagiza misuli ya mgongo, bega na mkono ijipange kwa kilo 20. Shuleni tulielezwa macho yanaona, ubongo unaamua, misuli inatii, kama barua inayotoka ofisi moja kwenda nyingine, na si uongo, ila kuna kitu kikubwa kinaachwa hapo: ubongo hausubiri. Unabashiri kwanza, unatuma mwendo, alafu hisia zinakuja nyuma yake kusema hapa umepatia, hapa umekosea, rekebisha.

Na usingeweza kusubiri hata kama ungetaka. Neva zenye kasi kuliko zote mwilini zinapeleka taarifa kama mita 120 kwa sekunde, ni kasi kubwa ndio, lakini njiani kuna kituo baada ya kituo, kwa hiyo toka taa iwake mpaka kidole kibonyeze inachukua kama robo sekunde, na hapo ni mtu mwenye afya aliyekaa anaisubiri hiyo taa kwa macho yote. Chukua penalti. Mita 11, mpira ukipigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa unafika golini ndani ya sekunde 0.4 hivi, golikipa akisema asubiri auone mpira umeelekea wapi ndo aanze kujirusha, mpira utakuwa wavuni yeye bado yuko hewani. Ndo maana anasoma nyonga ya mpigaji na ule mguu wa kusimamia, anaruka na alichokisoma.

Tuifuate safari yenyewe sasa, na tutumie kitu rahisi, kikombe cha chai mezani.

Mwanga kutoka kwenye kikombe unaingia jichoni, taarifa inasafiri mpaka kisogoni, huko nyuma kabisa ya ubongo ndo kwenye sehemu ya kuona. Kutoka hapo inagawanyika njia mbili. Ya chini inaelekea pembeni, usawa wa masikio, kazi yake kutambua hiki ni nini, kikombe, cha nani, kina ufa au hakina. Ya juu inapanda kuelekea utosini na yenyewe haina habari sana na jina la kitu, inachotaka ni kiko wapi na kitashikwaje. Kwamba njia ni mbili kweli ilionekana wazi kupitia mwanamke mmoja ambaye mwaka 1988 alivuta hewa ya kaboni monoksidi, hii hii inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Alipona, ila ile njia ya chini ikawa imeharibika. Watafiti Melvyn Goodale na David Milner walimwekea kibao chenye tundu refu kama la sanduku la posta, wakamuuliza tundu limelala au limesimama, hajui, anabahatisha tu. Wakampa kadi wakamwambia haya, itumbukize. Mkono ukanyooka, kadi ikageuka ikiwa bado njiani, ikaingia. Utafiti huo ulitoka 1991 na mimi kila nikiusoma naona kama mkono wake ulikuwa unaona kitu ambacho yeye mwenyewe hakioni. Kinyume chake kilishaandikwa zamani, 1909, na daktari wa Budapest, Rezső Bálint, mgonjwa wake anakiona kitu na anakitaja vizuri, ila akinyoosha mkono wa kulia kukichukua anakikosa, anapapasa pembeni kama mtu aliye gizani.

Hiyo sehemu ya kuelekea utosini wataalamu wanaiita parieto, na kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana. Jicho linajua kikombe kimeangukia sehemu gani ndani ya jicho, basi, zaidi ya hapo halijui. Ukigeuza macho kidogo tu, ndani ya jicho kikombe kimehama, mezani hakijahama. Na bega halielewi lugha ya jicho, bega linataka kuambiwa linyooke kiasi gani na upande gani. Kwa hiyo parieto inakusanya macho yameelekea wapi, shingo imegeuka kiasi gani, mkono wenyewe uko wapi sasa hivi, inachanganya vyote hivyo na kutafsiri lugha ya jicho iwe lugha ya mkono, na inarudia kila wakati kwa sababu wewe hutulii.

Alafu kuna umbo la kiganja. Jaribu sasa hivi, nyoosha mkono uchukue simu, kisha nyoosha uchukue punje moja ya karanga, lakini angalia vidole vikiwa katikati ya safari, kabla havijagusa kitu. Kwenye simu vimefunguka wazi, kwenye karanga kidole gumba na cha shahada vimeshasogeleana. Hakuna aliyeviambia, na havijagusa bado. Hideo Sakata kule Japani na Giacomo Rizzolatti na wenzake kule Parma, Italia, walirekodi seli za ubongo wa nyani na wakakuta seli ambazo zinawaka, yaani zinatoa ishara za umeme, nyani anapokishika kitu cha umbo fulani, na zinawaka vilevile akikiona tu, kabla hata mkono haujatoka. Moja ya sehemu walizozikuta hizo seli ni parieto, nyingine iko mbele zaidi, ni ile sehemu ya kuandaa mwendo. Hapa ndo ule mpaka tuliochorewa shuleni, huku kuona na kule kutenda, unaanza kufutika, kwa sababu seli hiyo moja hujui uiweke upande gani. Kwake yeye kuona kikombe ni kuanza kukishika.

Kutoka kwenye maandalizi mwendo unapelekwa kwenye korteksi ya mwendo, ule ukanda unaopita juu ya kichwa kutoka sikio hadi sikio kama bendi ya nywele ya kina dada. Uligunduliwa 1870 Berlin na Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, walipitisha umeme kidogo kwenye ubongo wa mbwa na miguu ikacheza, na jaribio lenyewe walilifanyia nyumbani kwa Hitzig maana chuoni hapakuwa na nafasi. Baadaye daktari wa upasuaji Wilder Penfield kule Montreal, Kanada, alifanya hivyo kwa binadamu waliokuwa wanapasuliwa kwa ajili ya kifafa, wako macho wanaongea naye, kwa sababu ubongo wenyewe hauna maumivu. Akachora ramani, mguu uko juu utosini, mkono katikati, uso na mdomo pembeni chini, na eneo la vidole na midomo ni kubwa mno ukilinganisha na mgongo mzima. Hiyo picha iko kwenye kila kitabu. Ila mwaka 2023 watafiti wa St. Louis, Marekani, walionyesha kwa vipimo vya kisasa kwamba katikati ya hayo maeneo kuna vipande ambavyo havihusiki na kiungo kimoja, vinaunganisha mwendo na kupanga na hata na mambo ya ndani kama mapigo ya moyo. Mimi naona inaingia akilini, maana mwili ukitaka kukimbia moyo hausubiri miguu ianze.

Na usidhani kila seli ina msuli wake inayouvuta kama kamba. Mtafiti Apostolos Georgopoulos miaka ya 1980 alikuta kila seli ina upande inaoupenda, hii inawaka sana mkono ukienda kushoto, ile ukienda juu, hii nyingine mbele, na hakuna moja inayoamua. Ukizijumlisha zote kama kura, jumla inaelekea pale pale mkono unapokwenda. Matokeo ya hizo kura ndo yanashuka kwenye uti wa mgongo kupitia nyuzi kama milioni moja kila upande, na sehemu kubwa yake, karibu tisa kwa kumi, inavuka upande wa pili chini kabisa ya ubongo kabla ya kuingia mgongoni, ndo maana kiharusi kikipiga ubongo wa kulia unaona mkono wa kushoto ndo umelala.

Mpaka hapa ni kwenda tu. Sasa tuje kwenye kurudi, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndo sehemu iliyonifanya niandike yote haya.

Ubongo ukituma amri kwenda kwenye misuli, unabakiza nakala. Funga jicho moja, lile lililo wazi lisukume taratibu kwa kidole kupitia kope ya chini, kwa pembeni. Unaona chumba kizima kinacheza. Sasa acha kidole, geuza jicho mwenyewe kushoto na kulia. Chumba kimetulia. Jicho limehama mara zote mbili, tofauti ni kwamba mara ya pili ubongo ndo uliotoa amri, una nakala, unajua huu mchezo nimeusababisha mimi kwa hiyo unautoa kwenye hesabu, wakati kidole kikisukuma hakuna nakala ya jicho. Erich von Holst na Horst Mittelstaedt waliieleza hiyo kanuni vizuri mwaka 1950. Ndo sababu hiyo hiyo huwezi kujitekenya mwenyewe. Ubongo umeshajua mguso unakuja saa ngapi na wapi, unaupunguza makali kabla haujafika.

Mahali penye kazi kubwa ya kulinganisha nakala na kilichotokea ni serebela, ule ubongo mdogo ulioko chini kisogoni. Ni mdogo kwa umbo tu. Katika seli za neva kama bilioni 86 za ubongo wa binadamu, bilioni 69 hivi ziko humo. Unabashiri mkono utahisi nini, unapokea mkono umehisi nini, tofauti ikiwepo unasahihisha hesabu kwa mara ijayo. Ile ndoo mara ya pili hairuki kwa ajili hiyo. Na pombe inaigonga hiyo sehemu mapema, mtu nguvu anazo kabisa lakini akitaka kugusa pua anagusa shavu.

Sasa mama mkubwa wangu. Alipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, mkono wa kushoto ukalala. Baada ya miezi kama mitatu nguvu zilianza kurudi, akawa anakunja ngumi, ananyanyua mkono mpaka begani, nyumbani tukafurahi sana tukasema amepona. Lakini vitu vilikuwa vinamponyoka. Sahani, mwiko, mkono wa sufuria wakati wa kusonga ugali. Watu wakawa wanasema ni udhaifu tu, ale vizuri, na hata kule tulikokuwa tunampeleka walikuwa wanapima nguvu tu, kunja, nyoosha, sukuma, vizuri mama, rudi mwezi ujao. Siku moja akaja binti wa fizio, yaani wa tiba ya mazoezi, pale nyumbani, akampa kikombe cha plastiki chenye maji kidogo mkono wa kushoto, akamwambia mama ukiangalie. Kikatulia. Akamwambia sasa fumba macho. Tukakaa kimya wote tunaangalia. Kwanza hakuna kitu, alafu taratibu sana vidole vikaanza kulegea kimoja kimoja, kikombe kikainama, maji yakaanza kumwagikia kanga, na yeye amefumba macho yake kwa utulivu kabisa, uso haujabadilika, akauliza, "Mwanangu, bado nimekishika?"

Hakujua. Nguvu anazo, amri zinafika, ila habari za kurudi hazifiki. Macho yakiwa wazi ndo yalikuwa yanafanya kazi ya ngozi.

Ndani ya misuli kuna vihisio vidogo vinavyopima msuli umenyooka kiasi gani, kwenye viungo viko, kwenye ngozi ya vidole vimejaa, na vyote hivyo vinapeleka habari bila kukoma, wewe huna hata habari navyo. Kule Umeå, Sweden, Roland Johansson na wenzake waliwapa watu vitu vya kunyanyua na kupima nguvu ya vidole, wakakuta kitu kikianza kuteleza hata kidogo tu vidole vinabana zaidi ndani ya chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla mwenye mkono hajajua. Ukizitia ganzi ncha za vidole, misuli mizima kabisa, kuwasha njiti moja ya kibiriti inageuka mtihani, inadondoka, inageuzwa, inadondoka tena. Na yuko Mwingereza Ian Waterman ambaye mwaka 1971, akiwa na miaka 19, baada ya maambukizi alipoteza hisia zote za mguso na za viungo kuanzia shingoni kwenda chini, neva za mwendo zikabaki nzima. Hakupooza lakini hakuweza hata kukaa. Akaja kujifunza kutembea upya kwa macho tu, anaangalia kila kiungo anakiamuru, na taa ikizimika anaanguka, kwa sababu bila macho hana habari miguu iko wapi.

Tena hili lilijulikana kitambo. Mwaka 1895 wanasayansi Mott na Sherrington walikata kwa nyani neva za hisia peke yake za mkono mmoja, za mwendo wakaziacha, na nyani akaacha kabisa kuutumia ule mkono kama vile umepooza. Miaka mingi baadaye mtafiti Edward Taub akawafunga nyani wa hivyo ule mkono usio na tatizo, na ule "uliokufa" ukaanza kufanya kazi. Kumbe ulikuwa umeachwa tu, kila ukijaribu unakosea, ubongo ukajifunza kuuacha. Kutoka hapo ndo ikaja tiba ya kuvisha glovu mkono usio na tatizo ili ule wa kiharusi ulazimike kufanya kazi, na jaribio la Marekani lililotoka 2006, watu 222 waliokuwa na miezi mitatu mpaka tisa tangu kiharusi, wiki mbili za hiyo kazi ziliwasaidia kuliko matibabu ya kawaida. Inataka mkono uwe na mwendo kidogo tayari, na inataka mtu wa fizio asimamie, usijifungie mgonjwa mkono nyumbani ukamwacha na maji ya moto.

Njia ya kutoka hisia kwenda mwendo si moja pia, na hili nalipenda sana kwa sababu linawapa watu kitu cha kufanya leo. Kwenye ugonjwa wa Parkinson, ule James Parkinson aliouandika 1817, seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya kupelekeana habari, katikati kabisa ya ubongo zinakufa, na vile vifundo vya ndani vinavyosaidia mwendo uanze kwa hiari vinakosa kichocheo. Mzee anasimama mlangoni miguu kama imegandishwa na gundi, anataka, haiendi. Mchoree mistari ya chaki sakafuni umbali wa hatua moja moja, anaivuka mmoja baada ya mwingine. Wengine ngazi wanapanda vizuri kuliko wanavyotembea sebuleni. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mstari wa kuonekana unapita ile barabara ya macho, parieto na maandalizi, unazunguka pale palipoziba. Ukiwa na mzazi wa hivyo nyumbani chaki ni bei rahisi mno, jaribu.

Kwenye maabara nako wamefika hapo hapo kwa njia nyingine. Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa Marekani wa mwanamke aliyepooza mikono na miguu karibu miaka 15, walimpandikizia kidude cha elektrodi 96, vijisindano vya kunasa umeme wa seli, kwenye korteksi ya mwendo, kompyuta ikasoma zile kura za seli, mkono wa roboti ukashika chupa ya kahawa ukamletea mdomoni akanywa. Lakini aliuongoza kwa macho tu. Wenzao wa Pittsburgh, huko huko Marekani, mwaka 2021 wakaongeza njia ya kurudi kwa mtu mwingine aliyepooza, mkono wa roboti ukigusa kitu wanachochea kwa umeme sehemu ya mguso ya ubongo wa mtu mwenyewe ili ahisi amegusa, na muda wa kuchukua kitu na kukihamisha ukashuka kutoka kama sekunde 21 mpaka kama 10. Roboti ile ile, mtu yule yule, kilichoongezwa ni habari ya kurudi.

Yule binti wa fizio hakuwa na elektrodi, alikuja na mfuko wa vitu vya nyumbani. Kitambaa cha taulo, gunzi, kijiko, kifungo, choroko kwenye bakuli. Mama mkubwa anafumba macho, anapewa kimoja mkono wa kushoto, anakigeuza anakitaja, akikosea anafumbua anaangalia, anafumba anakigusa tena. Kila siku, nusu saa asubuhi nusu saa jioni, wajukuu ndo wanamuuliza. Wiki za mwanzo alikuwa anakosa karibu vyote, gunzi tu alikuwa analipata, nadhani kwa sababu linakwaruza.

Mwezi uliopita nilimkuta barazani anachambua mchele, ungo magotini, mkono wa kushoto umeshika ukingo, wa kulia unatoa mawe. Jirani akapiga hodi, wakaanza habari za huko na huku, mama mkubwa amegeuka anamtazama usoni anacheka, na mimi macho yangu yote yako kwenye ule mkono wa kushoto. Ungo haukuinama.